LANCE REVENTLOW: MRITHI ALIYETAFUTA JINA LA JASHO LAKE

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mfanyabiashara mzembe. Hata hivyo, inamfaa pia mrithi, kwa maana mrithi hupokea mali ambayo daftari lake liliandikwa kwa mkono wa mwingine. Katika historia ya magari ya mbio nchini Marekani, pana kijana mmoja aliyezaliwa katikati ya utajiri usiomithilika, naye akajaribu kwa muda wa takribani miaka mitano kuandika daftari lake mwenyewe. Kijana huyo ni Lance Reventlow, mwanzilishi wa kampuni ndogo iliyounda magari ya mbio yaliyoitwa Scarab katika jimbo la California kati ya mwaka wa 1957 na 1962.

Magari yote yaliyotoka katika karakana hiyo hayakutimia kumi. Licha ya uchache huo, jina la Scarab lingali linatajwa kwa heshima na wapenzi wa mbio za magari kote duniani. Makala haya yanasimulia maisha ya mwasisi wake, si kwa nia ya kumtukuza wala kumbeza, bali kwa nia ya kupima suala moja: je, mtu aliyezaliwa akiwa na kila kitu anaweza kupata kitu ambacho kwa hakika ni chake?

Kuzaliwa na Malezi

Lance Reventlow alizaliwa jijini London tarehe 24 Februari mwaka wa 1936. Mama yake, Barbara Hutton, alikuwa mjukuu wa Frank Woolworth, Mmarekani aliyejitajirisha kwa maduka yaliyouza bidhaa ndogo ndogo kwa bei ya senti tano na senti kumi. Kwa hivyo, utajiri uliomzunguka mtoto huyu tangu siku ya kwanza ulitokana na sarafu za akina yahe waliokwenda kununua sindano, vikombe na vitana. Baba yake, Kurt Haugwitz-Reventlow, alikuwa kabaila wa Denmaki, mtu mwenye cheo cha ukoo na tabia ya ukali.

Barbara Hutton mwenyewe hakuwa amepata malezi ya kawaida. Alifiwa na mama yake akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na jamaa na wafanyakazi wa nyumbani, na alipofikisha umri wa miaka 21 mwaka wa 1933 akakabidhiwa urithi wa mamilioni ya dola. Magazeti yalimfuata kila alikokwenda. Aliolewa mara saba katika maisha yake, na baba yake Lance alikuwa mume wa pili. Ndoa hiyo haikudumu. Kabla mtoto hajafikisha umri wa kwenda shuleni, wazazi walikuwa wameshatengana, na baada ya hapo wakamgombania kupitia kwa mawakili na mahakama. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Lance alikuwa nyasi hizo.

Mume wa tatu wa mama yake, mwigizaji mashuhuri Cary Grant, alidumu katika ndoa hiyo kuanzia mwaka wa 1942 hadi 1945. Ingawa muda huo ulikuwa mfupi, Lance alimpenda baba huyo wa kambo, na uhusiano wao uliendelea hata baada ya talaka. Aidha, mtoto huyu alisumbuliwa na ugonjwa wa pumu, jambo lililofanya apelekwe kusoma katika jimbo la Arizona ambako hewa ni kavu. Huko alikulia mbali na mama yake, ambaye makazi yake yalikuwa yakihama kutoka bara moja hadi jingine. Kilichomfikia mara kwa mara kilikuwa fedha. Mama mwenyewe hakufika mara nyingi hivyo.

Kuingia katika Mbio za Magari

Katika miaka ya 1950, California ya kusini ilikuwa kitovu cha mbio za magari madogo ya mwendo wa kasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, eneo hilo lilikuwa na viwanda vingi vya ndege, na kutokana na viwanda hivyo palipatikana mafundi hodari wa kuchomelea, kufua bati na kuchonga vyuma. Mchana walitengeneza ndege. Usiku walitengeneza magari ya mbio katika gereji zao. Wenye fedha waliagiza magari kutoka Ulaya, na wasio nazo waliunganisha vipuri vya Ford na Chevrolet mpaka wakapata chombo cha kushindana nacho.

Reventlow alijitosa katika ulimwengu huu akiwa bado barobaro. Ushahidi mmoja wa jinsi alivyokuwa karibu na vijana mashuhuri wa zama hizo ni tukio la tarehe 30 Septemba mwaka wa 1955. Siku hiyo, yeye na rafiki yake Bruce Kessler walikuwa njiani kwenda kwenye mashindano ya Salinas, na katika kituo cha barabarani kiitwacho Blackwells Corner wakakutana na mwigizaji James Dean, aliyekuwa akielekea huko huko kwa gari lake la Porsche. Walizungumza kwa muda mfupi, kisha wakaachana. Muda si mrefu baadaye, Dean aligongana na gari jingine akafa. Kifo hicho hakikumzuia Reventlow kuendelea na mchezo aliouchagua.

Mwaka wa 1957, akiwa ametimiza umri wa miaka 21 na kuanza kutumia urithi wake, alisafiri hadi Ulaya kushindana. Aliendesha gari la Maserati na la Cooper, na akapata ajali iliyoliharibu vibaya gari lake la Maserati katika uwanja wa Snetterton nchini Uingereza. Muhimu zaidi ya mbio zenyewe, alizuru karakana za waundaji wa magari, ikiwemo ile ya Lister mjini Cambridge. Huko aliona jambo lililombadilisha. Magari yaliyosifiwa dunia nzima yalikuwa yakiundwa katika vyumba vidogo, na mafundi wachache, kwa zana ambazo hazikuzidi zile zilizokuwa California. Alirudi nyumbani akiwa na imani kwamba Mmarekani angeweza kuunda gari bora kuliko hayo.

Kuundwa kwa Scarab

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Reventlow hakuwa mhandisi, naye alilitambua hilo. Busara yake ya kwanza, na labda iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa kuwatafuta waliojua na kuwaachia nafasi ya kufanya kazi. Aliunda kampuni iliyoitwa Reventlow Automobiles, na usimamizi wake akamkabidhi Warren Olson. Kiunzi cha mabomba ya chuma kilifuliwa na Dick Troutman na Tom Barnes, mafundi wawili waliokwisha kujijengea jina. Phil Remington, ambaye mikono yake iliweza kutengeneza karibu kila kitu kilichohitajika, alijiunga nao. Injini zilishughulikiwa na Jim Travers na Frank Coon. Chuck Daigh, aliyekuwa fundi na dereva kwa wakati mmoja, alilijaribu gari na kulirekebisha hadi likatulia barabarani.

Gari lilikuwa la Kimarekani katika moyo wake. Injini yake ilitokana na ile ya Chevrolet Corvette yenye silinda nane, ambayo ilipanuliwa kutoka ujazo wa lita 4.6 hadi lita 5.5 hivi. Badala ya kabureta, iliwekewa mfumo wa Hilborn wa kudunga mafuta. Kwa njia hiyo ilitoa zaidi ya nguvu za farasi 350. Giaboksi pia ilikuwa ya Corvette. Kwa kutumia vipuri ambavyo viliuzwa madukani, mafundi waliepuka gharama na ucheleweshaji wa kubuni kila kitu upya. Bodi la bati jepesi lilipakwa rangi ya samawati inayong'aa, kisha mistari na mapambo yake yakachorwa na msanii aliyejulikana kwa jina la Von Dutch.

Jina la gari linastahili maelezo, hasa kwa wanafunzi wa lugha. Scarab ni mbawakawa yule anayebingirisha kinyesi. Watengenezaji wengine walijitambulisha kwa alama za fahari, kama vile farasi wa Ferrari. Reventlow aliamua kuchagua mdudu wa chini kabisa. Inasimuliwa kwamba alifanya hivyo kwa dhihaka, ili kuwasuta waliojitukuza. Ikumbukwe hata hivyo kwamba Wamisri wa kale walimheshimu mdudu huyo huyo kuwa ishara ya kuzaliwa upya. Jina hilo basi lilibeba maana mbili zinazokinzana, na yawezekana lilimfaa mwenyewe kuliko alivyodhani: mtoto wa kasri aliyejitia katika uchafu wa oili ili azaliwe mara ya pili.

Ushindi wa Mwaka wa 1958

Magari matatu ya aina hiyo ya kwanza yaliundwa. Katika msimu wa mwaka wa 1958, yalianza kuyashinda magari ya Ulaya katika viwanja vya Marekani. Kilele cha msimu huo kilikuwa mashindano makubwa yaliyofanyika Riverside, California, mwezi wa Oktoba. Washindani walikuwa wengi na wenye sifa, akiwemo Phil Hill aliyeendesha gari kali la Ferrari na ambaye miaka mitatu baadaye angetawazwa bingwa wa dunia. Daigh na Hill walifukuzana mzunguko baada ya mzunguko, wakipokezana uongozi, hadi gari la Ferrari lilipolemewa na hitilafu ya mafuta. Daigh akashinda.

Hapa pana jambo la kutafakari. Aliyevishwa taji siku ile hakuwa mwenye mali, bali fundi wake. Reventlow mwenyewe hakubahatika katika mashindano hayo. Hata hivyo, hakumnyima Daigh gari lililo bora wala nafasi ya kulitumia. Mwezi wa Desemba, wawili hao walisafiri hadi visiwa vya Bahama, na wakashirikiana kushinda kombe la Nassau. Kijana wa miaka 22 alikuwa amethibitisha dai lake kwamba gari la Kimarekani lingeweza kuyashinda ya Ulaya.

Tatizo ni kwamba ushindi huo haukuwa na mahali pa kwenda. Kuanzia mwaka wa 1958, sheria za ubingwa wa dunia wa magari ya aina hiyo ziliwekea injini kikomo cha lita tatu. Scarab, kwa injini yake ya lita 5.5, haikuruhusiwa kushindana Le Mans wala katika mbio nyingine za ubingwa huo. Reventlow alilazimika kuchagua: ama aendelee kushinda nyumbani, ama atafute uwanja mwingine mkubwa zaidi. Alichagua la pili. Gari moja miongoni mwa yale matatu alilibadilisha ili alitumie barabarani. Katika mikono ya wengine, Scarab iliendelea kushinda, na Augie Pabst aliitumia kutwaa ubingwa wa Marekani mwaka wa 1959. Mwenyewe alikwisha kugeuza macho yake kuelekea Formula One.

Anguko la Ulaya

Katika Formula One, ujazo wa juu wa injini ulikuwa lita mbili na nusu. Hapakuwa na injini ya Kimarekani ya ukubwa huo iliyofaa, na Reventlow hakutaka kununua ya Ulaya. Gari lililokusudiwa kuwa la Kimarekani lilipaswa kuwa hivyo kwa ukamilifu. Alimpa Leo Goossen, mchoraji mashuhuri wa injini za Offenhauser, kazi ya kubuni injini mpya ya silinda nne. Vali zake hazikufungwa kwa springi kama ilivyo kawaida, bali kwa mitambo ya chuma iliyozisukuma kurudi mahali pake. Mercedes-Benz ilikuwa imefaulu kwa njia hiyo mwaka wa 1954 na 1955, lakini Mercedes-Benz ilikuwa kampuni kubwa yenye wahandisi wengi. Karakana ndogo ya California ilijikuta ikipigana na chombo kigumu kukitengeneza na kigumu zaidi kukirekebisha.

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Gari lililotarajiwa mwaka wa 1959 halikuwa tayari hadi mwaka wa 1960. Katika kipindi hicho cha kungoja, ulimwengu wa mbio uligeuka. Mnamo Januari mwaka wa 1958, Stirling Moss alikuwa ameshinda mashindano ya Argentina kwa gari dogo la Cooper lililokuwa na injini nyuma ya dereva. Wengi walidhani kwamba ilikuwa bahati tu. Mwaka uliofuata, Jack Brabham alitwaa ubingwa wa dunia kwa gari la aina hiyo hiyo. Gari lenye injini nyuma lilikuwa jepesi, fupi kwa kimo na rahisi kulielekeza kwenye kona. Scarab, iliyokuwa na injini mbele, ilipitwa na wakati kabla ya kugusa uwanja.

Mwezi wa Mei mwaka wa 1960, Reventlow na Daigh walifika Monaco na magari mawili ya kupendeza macho. Hawakuweza kufikia kasi ya kuwaruhusu kuanza mbio. Moss mwenyewe alikubali kulijaribu gari mojawapo. Aliliendesha kwa kasi iliyozidi ile ya wenyeji wake, lakini hata mikono ya dereva aliyehesabiwa kuwa hodari kuliko wote haikutosha. Jaribio hilo liliondoa shaka yote: kasoro haikuwa ya madereva, bali ya gari. Nchini Uholanzi, waliondoka bila ya kushindana baada ya mzozo kuhusu malipo ya kuanza mbio. Nchini Ubelgiji, magari yote mawili yalianza na yote mawili yakaharibika, la Reventlow likiwa la mapema mno. Mashindano hayo yaliwaua madereva wawili wa Uingereza, Chris Bristow na Alan Stacey. Nchini Ufaransa, injini zilipasuka katika mazoezi. Safari ikaishia hapo. Katika mashindano ya mwisho wa msimu huko Riverside, Daigh alimaliza wa kumi, na mwaka wa 1961 kanuni mpya zilipunguza ujazo wa injini hadi lita moja na nusu. Mashine iliyogharimu miaka miwili ya kazi ikawa haina mashindano ya ubingwa ya kushiriki.

Kufungwa kwa Karakana

Baada ya pigo hilo, mafundi walisoma somo la Ulaya wakaunda magari yenye injini nyuma. Moja lilipelekwa Australia mwaka wa 1962, likaendeshwa na Daigh. Jingine, la aina ya spoti, lilikuwa gari la mwisho la kampuni hiyo. Wakati huo mwanzilishi alikwisha kuchoka. Isitoshe, palikuwa na suala la daftari. Kwa mujibu wa taratibu za kodi za Marekani wakati ule, shughuli iliyopata hasara kubwa miaka mitano mfululizo iliweza kuhesabiwa kuwa burudani ya mmiliki badala ya biashara, na hasara yake ikakosa nafuu ya kodi. Miaka mitano ilikuwa inatimia. Mwaka wa 1962, Reventlow alifunga milango.

Kufungwa huko hakukuwa mwisho wa kazi iliyoanzishwa. Jengo la karakana, lililokuwa mtaa wa Princeton Drive katika eneo la Venice, lilichukuliwa na Carroll Shelby, ambaye humo aliunda magari yake ya Cobra. Phil Remington alibaki na jengo lile akawa nguzo ya Shelby. Mwaka wa 1965, timu hiyo ilinyakua ubingwa wa dunia wa magari ya daraja la GT. Gari lile la mwisho la Scarab liliuzwa kwa John Mecom wa Texas, na mwezi wa Desemba mwaka wa 1963, A. J. Foyt akashinda nalo kombe la Nassau. Mti ulikatwa, lakini mbegu zilikuwa zimekwisha kuanguka kwenye udongo mzuri.

Miaka ya Mwisho na Kifo

Reventlow aliacha mbio kabisa. Ndoa yake ya kwanza na mwigizaji Jill St. John, iliyofungwa mwaka wa 1960, ilivunjika mwaka wa 1963. Mwaka uliofuata alimwoa Cheryl Holdridge, aliyekuwa ameigiza katika vipindi vya watoto vya televisheni. Alipenda michezo ya theluji na urubani, na sehemu ya maisha yake akaihamishia Aspen, katika milima ya jimbo la Colorado.

Tarehe 24 Julai mwaka wa 1972, alipanda ndege ndogo aina ya Cessna karibu na Aspen ili kuangalia ardhi ambayo ilifikiriwa kujengwa kituo cha michezo ya theluji. Yeye mwenyewe alikuwa rubani mzoefu, lakini siku hiyo alikuwa abiria. Aliyeiendesha ndege alikuwa mtu mwenye uzoefu mdogo. Wakiwa katika hali mbaya ya hewa, waliingia katika bonde lililozibwa na milima, na ndege ikaanguka. Reventlow alifariki akiwa na umri wa miaka 36. Mama yake aliishi miaka saba zaidi, akafa mwaka wa 1979 huku sehemu kubwa ya utajiri wa Woolworth ikiwa imekwisha.

Hitimisho

Si vigumu kuyasoma maisha haya kama hadithi ya kijana aliyechezea fedha za babu yake. Alianza kwa urithi, akatumia urithi, na urithi ulipodai hesabu akaacha. Usomaji huo una ukweli ndani yake, lakini haujitoshelezi. Warithi wa rika lake walinunua magari yaliyokwisha kuundwa na wengine. Yeye aliwakusanya mafundi waliokuwa wakifanya kazi gizani, akawalipa, akawapa zana na, jambo lililo adimu zaidi, akawapa uhuru. Kosa lake la Formula One lilitokana na ari ya kutaka kila kitu kiwe cha nyumbani, ilhali washindani wake walikuwa tayari kuuacha utaratibu wa zamani uliowazoeza ushindi.

Kuhusu suala lililoulizwa mwanzoni, jibu halipo katika vitabu vya hesabu ya ukoo wa Woolworth. Lipo katika magari yale machache ya samawati yaliyosalia, ambayo hutolewa kwenye makumbusho na kuendeshwa tena katika mashindano ya magari ya kale. Watazamaji wanaoyaona hawataji maduka ya senti tano na senti kumi. Hutaja Scarab, na huwataja Daigh, Remington, Troutman na Barnes. Kisha humtaja kijana aliyewaita wote mahali pamoja. Jina hilo hakurithishwa na mtu yeyote.